BARUA YA WAZI KWA WENYE DHAMANA YA MRADI WA BIZINESI PAKI YA KIJANI: TUONYESHENI MAJIBU YA UDONGO KABLA MORAMU HAIJAFUNIKA KILA KITU

Kwa: Waheshimiwa viongozi na wataalamu wenye dhamana ya mradi,
MWANZA.

YAH: UDONGO WA ENEO LA KIWANDA CHA ZAMANI PAMOJA NA MAJI YANAYOTOKA HUMO

Waheshimiwa, salaam, na poleni na majukumu.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwanza niseme kwanini naandika huku hadharani, maana najua kuna atakayesema huyu mwalimu anatafuta kiki. Ofisini tulishakuja. Barua ilipokelewa ikagongwa muhuri, tukaambiwa faili limepanda juu, tulipoenda huko juu tukaambiwa limeshuka, afu mhusika yupo Dodoma akirudi atawapigia. Hajapiga. Tukaomba taarifa kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ile inayompa mwenye taarifa siku 30 awe ameshajibu, siku zikaisha kimya. Kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja akauliza swali la udongo, aliyetumwa na mradi akamjibu kwa kufungua laptopu na kutuonyesha picha za majengo. Picha nzuri kweli, vioo, sola juu ya paa, watu wanaendesha baiskeli, na miti ambayo hapa Mwanza sijawahi kuiona. Lakini mzee aliuliza udongo.

Sitataja jina la kampuni wala ofisi yoyote humu. Wahusika mnajijua, na sisi ugomvi na mtu hatuna.

Mimi nafundisha kemia sekondari na nakaa mtaa unaopakana na ukuta wa eneo lenyewe. Hii barua nimeiandika baada ya kukaa na majirani, mafundi gereji, akina mama wa bustani na wazee wawili watatu waliowahi kubeba mizigo mle ndani enzi hizo, na wote wamekubali iende hivi ilivyo. Na tunasema mapema kabisa ili mtu asije akatupaka matope: mradi hatuupingi. Eneo limekaa miaka limejaa vichaka na vibaka, vijana wetu wanashinda kijiweni, ofisi na karakana za kisasa zikija pale tutazishangilia sisi kabla yenu. Tunachokataa ni kujengewa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipima, au kama kimepimwa basi majibu yake yamefungiwa kabatini.

Historia ya pale haina siri. Lilianza kama ghala la dawa za pamba, enzi ambazo pamba ya Kanda ya Ziwa ndo ilikuwa pesa na dawa za kupulizia zikishushwa hapo kabla hazijaenda vijijini. Baadae ikawa karakana ya malori, oili chafu inamwagwa chini. Mwisho wakaingia watu wa chuma chakavu, wakawa wanapasua betri za magari na kuyeyusha risasi (ile metali ya ndani ya betri, sio za bunduki) humo humo uani, na transfoma za zamani wakazifungua kutoa shaba, mafuta yake yakaishia ardhini.

Mkitaka kuona kwa macho njooni nyuma ya lile ghala, upande ambao fensi ya mabati haijafika. Kuna kipande cha ardhi hakioti hata mbigili, na Mwanza mnaijua, mvua ikipiga hata nyufa za mwamba zinaota nyasi. Sakafu imepasuka, kwenye nyufa kuna unga mweupe umegandana na mabaki ya magunia ya karatasi, maandishi yamefutika zimebaki herufi chache. Hatua kadhaa mbele kuna lundo la makasha meusi ya betri, yale ya plastiki. Na hapo ndo mtashangaa, maana mengine hayapo tena kwenye lundo, akina mama wameyachukua wakayapanga kuzungushia matuta ya mchicha yasibomolewe na maji. Yamepangwa vizuri, mstari umenyooka. Huo mchicha unauzwa asubuhi, na sisi ndo tunaula.

Sasa hoja zetu ni hizi.

1. Vipimo. Tunasikia "udongo ulishapimwa". Na nani, lini, kwa kina gani, kwa kutafuta nini? Kuchota udongo wa juu kwa sururu sehemu tatu ukapeleka maabara sio kupima eneo. Eneo la aina hii unaanza kwa kukaa na wazee na michoro ya zamani ujue nini kilikaa wapi, unachora gridi, unachimba kwa tabaka, unachukua sampo ya juu, ya kati na ya chini kabisa, unatoboa na visima vidogo vya kuangalia maji ya ardhini, afu pale penye historia mbaya unaongeza sampo zikaribiane. Na lazima ujue unatafuta nini, maabara inakujibu ulichoiuliza tu, ukiomba ikupimie uchachu na chumvi itakupa uchachu na chumvi na DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, itabaki imelala. Pale tunatarajia muwe mmetafuta risasi, DDT pamoja na DDE inayobaki DDT ikishavunjika, endosulfani (dawa nyingine ya wadudu), mafuta ya petroli na oili, asbesto ya yale mapaa, na zile PCB, kemikali za sumu zilizomo kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Hiyo ya mwisho msiichukulie poa, Mkataba wa Stockholm wa 2001 ambao Tanzania ni mwanachama unataka mafuta na vifaa vyenye PCB viwe vimeshughulikiwa kwa njia salama ifikapo 2028. Viwango vya udongo nchi inavyo, vipo kwenye Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za 2007, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuweka namba zenu pembeni ya namba za kanuni, watu wasome.

2. Moramu. Hapa naomba mnivumilie nitakuwa mrefu, maana hii ndo imetunyima usingizi na ndo imefanya tusisubiri tena.

Tipa zinaingia usiku. Zinamwaga moramu, greda linasambaza, asubuhi panaonekana pasafi pekundu pamenyooka. Upande wa barabarani pameshafunikwa, sasa hivi wanaelekea upande wa ghala. Mkifika huko kabla ya majibu kutoka mtakuwa mmefanya lile la funika kombe mwanaharamu apite, na huyu mwanaharamu hapiti, anakaa.

Mtaalamu wenu akija atatuambia kufunika ni njia inayokubalika duniani. Ni kweli kabisa, na mimi namuunga mkono. Lakini kufunika kunakokubalika kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au turubai maalum nene lisilopitisha maji, kuna mifereji ya kuchepusha mvua, kuna visima vya kufuatilia maji miaka na miaka, na kuna maandishi kwenye hati ya ardhi yanayosema hapa msichimbe. Moramu inapitisha maji. Mvua ya nusu saa inaingia, inakutana na kilichopo chini na kuondoka nacho. Afu mnasema mtajenga majengo ya ghorofa, yale yatasimama bila msingi? Nguzo zitashuka, mtachimba mitaro ya maji taka, mtapitisha nyaya, kila shimo ni tundu kwenye hicho kifuniko.

Haya sio mawazo yangu tu. Marekani, Niagara Falls jimbo la New York, kuna mahali panaitwa Love Canal. Kampuni ya kemikali ilijaza taka kwenye mfereji wa zamani, ikafunika kwa mfinyanzi, na mwaka 1953 ikaliachia eneo kwa bodi ya shule kwa bei ya dola 1. Ikajengwa shule, zikafuata nyumba, wajenzi wakachimba mitaro wakatoboa lile tabaka, mvua zikazidi, kemikali zikaanza kutokea kwenye vyumba vya chini vya nyumba na kwenye viwanja wanapocheza watoto. Mwaka 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura, watu wakahamishwa, na 1980 ikatungwa sheria mpya kabisa ya kusafisha maeneo ya namna hiyo nchi nzima. Na wale walikuwa na mfinyanzi, sisi tuna moramu.

Hapa hapa nchini kuna Vikuge, Kibaha. Dawa za kilimo zilizoletwa kama msaada miaka ya 1980 zikawekwa ghalani, ghala likaja kuanguka, dawa zikaingia ardhini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kupima miaka mingi baadae DDT bado ilikuwepo kwenye udongo. Ghala la dawa na lenyewe limechoka. Nadhani mmeona kwanini tunalinganisha.

3. Maji na ziwa. Eneo lipo bondeni na mtaro mkubwa unapita ubavuni kwake kwenda ziwani. Mwanza tunaitwa Jiji la Miamba, chini yetu ni graniti, na maji kwenye graniti yanafuata nyufa, hayatandazi taratibu ukajua yatatokea wapi. Kisima cha jirani wa upande huu kinaweza kuwa salama, cha mtaa wa pili kikapata sumu. Ndo maana kusema "kisima kilichopo karibu tulikipima kipo sawa" hakutoshi.

Na ziwa lenyewe msilihesabu kwamba ni kubwa litazimua. Ni kubwa kweli, kilomita za mraba karibu 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu na mlango wa kutokea ni mmoja, Nile pale Jinja. Maji mengi yanayotoka Ziwa Victoria hayatoki hata kwa mto, yanapanda juu kwa jua. Sasa maji yakipanda risasi haipandi, DDT haiendi mawinguni ikatuacha, vinatuama kwenye tope, vijidudu vya kwenye tope vinakula, furu anakula vijidudu, sangara anamla furu, na DDT kwa vile inapenda mafuta ya mwili inazidi kujikusanya kila hatua. Mlaji wa mwisho mnamjua.

Kama afya haiwagusi basi iwaguse biashara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya taarifa za kuvua kwa sumu ya wadudu. Waliokuwa Mwanza wakati huo waulizeni bei ya sangara ilifanyaje mwaloni na viwanda vya minofu vilikuwaje. Ile ilikuwa sumu ya wavuvi wachache wasio na akili. Nyie mna mradi wenye bango, nembo na wadhamini.

4. Watu waliopo pale leo. Vibarua wenu wanachimba na ndala. Hawana glavu, hawana barakoa, wanavunja zile shiti za asbesto kwa nyundo vumbi linaruka wanacheka nalo, na saratani ya asbesto inaweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza kwa hiyo hakuna atakayekuja kuwadai kesho. Risasi ni mbaya zaidi kwa watoto, inagusa akili, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haihitaji kula betri, anacheza chini ananyonya kidole, imetosha.

5. Udongo unaotolewa unaenda wapi? Swali fupi, na kwetu lina uzito sana. Wakati moramu inaingia tipa nyingine zinatoka zimejaa, na watu wa viwanja huku pembezoni wananunua kifusi cha bei poa kujazia mashimo. Kama udongo wa nyuma ya ghala unauzwa kifusi basi mmeshahamisha tatizo toka sehemu moja yenye ukuta mkaligawa uani kwa watu ambao hawajui hata kama mradi upo.

6. Neno kijani. Bango linasema "endelevu" herufi kubwa. Sola ni nzuri, taa za LED nzuri, lakini kijani cha pale lazima kianzie chini. Ethiopia walipofungua kongani yao ya viwanda Hawassa mwaka 2016, mji ambao nao una ziwa lake, waliweka mtambo wa kusafisha majitaka na kuyarudisha kiwandani ili yasitiririkie nje. Kwenye mchoro wenu tumeona mgahawa wa ufukweni umechorwa hadi watu wamekaa na sato mezani, mtambo wa majitaka hatujauona. Na huo mgahawa tumeupima kwa macho tu lakini mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, zile za kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hatuzioni.

Waheshimiwa, majibu ya kawaida tunayajua, ngoja tuyajibu kabisa tusipotezeane muda.

Mtasema ni kitu cha zamani, sumu ilishaoza. Oili inaoza kwa kiasi, sawa, kuna bakteria wanaila. Risasi ni elementi, haiozi, iwe leo au baada ya miaka 100 ni risasi ile ile. Zambia, Kabwe, mgodi wa risasi ulifungwa 1994 na mpaka leo watoto wa pale wanapimwa damu inakutwa na risasi.

Mtasema cheti cha mazingira mnacho. Vizuri, kama mnacho basi kuna ripoti ya tathmini iliyozaa hicho cheti, na ripoti ilitakiwa itupitie sisi tunaoishi hapa. Iwekeni ofisi ya mtaa tuisome. Hatuna haraka ya kuibeba, tutaisomea pale pale.

Mtasema wachafuzi ni wengine, nyie mmelikuta hivyo. Hili lina ukweli na sisi tunawaonea huruma kidogo, waliochafua wengine wameshafunga biashara na wengine wamefariki. Ila huku Usukumani ukinunua ng'ombe umenunua na kupe wake. Eneo mmelichukua kwa bei nafuu kwa sababu ni eneo la kiwanda cha zamani, basi sehemu ya ule unafuu ikasafishe. Kama mnaona serikali nayo ina mkono wake kwenye historia ya pale, kaeni nayo mgawane bili, sisi tutawaunga mkono hadharani.

Mtasema gharama. Hapa kuna kitu watu wengi hawajui, kusafisha sio lazima kubeba udongo wote wa eneo. Ukishapima vizuri unajua sehemu chafu kweli ni zipi, na mara nyingi ni vipande. Makasha ya betri na masizi ya kuyeyushia yanaokotwa na watu wenye vifaa. Udongo wa oili unatandazwa, unageuzwa, unawekwa mbolea kidogo bakteria wafanye kazi, na joto letu hili linawasaidia. Palipo na risasi ya kiasi kuna njia ya kuchanganya fosfati ili risasi ishikwe isitembee na maji, na fosfati nchi inayo, Minjingu. Dawa za pamba na PCB hizo hakuna ujanja, zinafungashwa na kupelekwa kuchomwa kwenye tanuru maalum za joto kali. London walipojenga kiwanja cha Olimpiki ya 2012 eneo la Stratford lilikuwa limechakazwa na viwanda vya zaidi ya karne, wakaweka mitambo ya kuosha udongo pale pale, wenyewe wakaita hospitali za udongo, na sehemu kubwa ya udongo ikarudi kutumika. Hatuwaambii mfanye ya London, tunawaambia ramani ipo.

Na gharama ya kutofanya mnaijua? Ulizeni Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilipakana na nyumba za watu. Mwaka 2020 mahakama ilitoa hukumu wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na waliobebeshwa mzigo hawakuwa wenye kiwanda peke yao, taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia nazo zilikuwemo. Kesi ikapanda ngazi za rufaa miaka, mawakili wakala, na watoto walishakua.

Mtasema tunafukuza wawekezaji. Mwekezaji wa maana ndo wa kwanza kuuliza udongo, kwa sababu benki yake itamuuliza. Wakopeshaji wakubwa wanafuata viwango vya 2012 vya IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, na namba 3 kinahusu uchafuzi. Kampuni inayotaka kupanga ofisi kwenye jengo la kijani itataka karatasi. Msipokuwa nayo atakuja wa kuuza vyombo vya plastiki, bizinesi paki ikageuka godauni, na hapo kijani imebaki kwenye rangi ya geti.

Na kuna lile la chini chini, kwamba wananchi hawa hawaelewi mambo ya kitaalamu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaelewa kwanini elementi haiozi. Wekeni namba, tutaelewa.

Baada ya hayo tunaomba, na tunaposema tunaomba tunamaanisha tunataka:

(a) Moramu isimame upande wa ghala na kwenye uwanja wa betri kuanzia sasa. Kwingine kote endeleeni, hatuna shida.

(b) Majibu yote ya vipimo vilivyofanyika, pamoja na ramani ya sehemu zilikochukuliwa sampo na jina la maabara, yabandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili. Kama vipimo havikufanyika semeni havikufanyika.

(c) Vipimo vipya vya kina kwa yale niliyotaja hoja ya kwanza, na siku ya kuchukua sampo wawepo wawakilishi wawili wa mtaa washuhudie. Sampo zigawanywe mara mbili, nusu yetu tutatafuta wenyewe pa kuipeleka.

(d) Vibarua wapewe buti, glavu na barakoa za maana, na shiti za asbesto ziloweshwe na kushushwa nzima nzima na watu waliofundishwa.

(e) Daftari la tipa, namba ya gari, udongo umetoka wapi na umemwagwa wapi, na ule ambao umeshatoka ufuatiliwe.

(f) Watoto wa nyumba zinazopakana na ukuta wapimwe risasi kwenye damu kwa gharama ya mradi.

(g) Akina mama wa bustani wapewe sehemu nyingine ya kulima kabla ya kuondolewa. Makasha yale ya betri tumeshaanza kuwaambia wayatoe na baadhi wameyatoa, lakini mama anauliza nikiacha mchicha nitakula nini, na swali lake halijibiwi na mwalimu wa kemia.

(h) Mpango wa majitaka na umbali kutoka ziwani uonyeshwe kwenye mchoro, wenye vipimo, sio picha ya kompyuta.

Tunawapa siku 30, zile zile za sheria, kuanzia barua hii inapowafikia. Zikipita, wakili tumeshaongea naye, na maombi ya kusimamisha kazi yatapelekwa panapohusika. Ila tungependa isifike huko. Mkiamua kuja, mkutano wa mtaa unafanyika kiwanja cha shule Jumamosi saa nne asubuhi kila mwisho wa mwezi, njooni na mtaalamu wenu wa udongo, na mje na viatu vya kufunika mguu kwa sababu baada ya mkutano tutawatembeza nyuma ya ghala.

Wabeja sana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia, kwa niaba ya wakazi wa mtaa unaopakana na mradi,
MWANZA.

Nakala:
Mheshimiwa Mbunge
Mheshimiwa Diwani
NEMC (Baraza la Mazingira), ofisi ya kanda
Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa (ubao wa matangazo, tafadhali usiitoe)